Maziwa ya Jumatatu

Kwa muda wa miaka mitatu mimi, Osward, mtoto wa Marita wa Vwawa, nilikuwa mtafsiri wa Kihindi aliyevuma kuliko wote Tunduma, na Kihindi chenyewe sikijui hata cha kuombea maji. Nalisema mapema ili mtu asije akanivizia mbele ya safari. Maneno niliyokuwa nayo yalikuwa matano, na mojawapo lilinitokea puani, kama mtakavyosikia.

Nilikuwa na banda la video nyuma ya stendi, miaka ile ambayo kila mwenye deki na jenereta alijiona tajiri. Wateja wangu walikuwa madereva wanaosubiri foleni ya forodha, wabadilisha fedha, na akina mama wa Kizambia waliovuka kununua vitenge. Walipenda filamu za Kihindi, ila hawakupenda kukaa saa tatu bila kuelewa. Basi mimi nilisimama kando ya televisheni na kutafsiri kwa sauti ya kuishinda jenereta. Njia yangu ilikuwa rahisi. Naangalia nyuso. Mama akilia, nasema, "Mwanangu, baba yako hakufa, aliuawa!" Nilikuwa napatia mara nyingi, kwa sababu katika filamu zile baba huwa ameuawa kweli.

Sasa, kati ya kanda zangu kulikuwa na moja isiyo na jalada, iliyohusu hekalu la kale la Shiva, mungu wao mmoja mwenye nyoka shingoni na jicho la tatu kwenye paji la uso. Kanda hiyo watu waliipenda kupita kiasi. Tatizo lake, wahusika walisali muda mrefu bila kulia wala kupigana, na mimi nyuso za watu wanaosali siwezi kuzisoma. Ikabidi niwe natunga. Nikasema hekalu lile lilijengwa na majitu usiku mmoja. Nikasema mlango wake hufunguka mara moja kila miaka mia, na ndani kuna nyoka mwenye taa kichwani. Kila juma nikaongeza kitu, mpaka nikajiingiza mwenyewe: kwamba niliwahi kuwa baharia, nikafika Bombei, nikapanda milimani hadi hekaluni. Mimi, ambaye maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya Ziwa Rukwa, tena kwa mbali, nilipokwenda Kamsamba kuzika.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akinisumbua. Huyu ni Twaibu, dereva wa lori, mtu wa Korogwe, mstaarabu wa kunyoosha kanzu kila Ijumaa. Siku moja akaniuliza mbele ya watu, "Osward bwana, mtu akifika mahali kama hapo, harudi mikono mitupu. Ulirudi na nini?"

Watu wakanigeukia. Mtu mwenye akili angesema nilirudi na malaria. Mimi nikasema, "Nilirudi na jiwe. Liko kwa mama yangu Vwawa."

Jiwe kweli lilikuwapo. Hapo ndipo uongo wangu ulipopata mguu wa kusimamia, na hapo ndipo nilipoanza kuharibu.

Mama yangu alifanya kazi katika duka la Wahindi pale Vwawa kabla sijaweza kukumbuka mambo. Mwenye duka alikuwa na mke aliyeitwa Mama Kirti, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Majumba yalipotaifishwa, familia ile ilifunga virago ikavuka kwenda Kitwe, Zambia. Siku ya kuondoka, Mama Kirti alimletea mama yangu jiwe jeusi, laini, lenye umbo la yai lililosimama, juu ya kitako cha jiwe chenye mdomo mmoja wa kutiririshia. Akamwambia, "Mama Osward, nakuachia amana. Kila Jumatatu limwagie maziwa kidogo. Nitarudi kulichukua." Wakalia, wakaachana. Mimi nilikuwa na miaka mitano.

Mama yangu ni Mmoraviani wa viti vya mbele. Hakumwambia mchungaji. Majirani walipouliza, alisema ni jiwe la Kihindi la kusagia, na wao hawakuona ajabu, kwa sababu mawe yetu ya kusagia ulezi nayo ni mawili: la chini tunaliita mama, la juu mtoto. Hili nalo lilikuwa na mama yake na mtoto wake. Lakini kila Jumatatu mama alifunga mlango, akalimwagia maziwa. Maziwa yakapita juu ya jiwe, yakazunguka kwenye kitako, yakatokea mdomoni. Pale chini mama aliweka kikombe cha bati. Kikijaa, alinipa mimi. Nyumba yetu haikuwa na ng'ombe. Maziwa yale aliyapata kwa kumfulia jirani nguo. Miaka ya shida, sukari inapangiwa foleni, alitumia maziwa ya unga ya msaada kutoka misheni. Mungu wa milimani akanywa unga wa msaada, na mimi nikanywa nyuma yake.

Nilipokuwa nakunywa, mama alinisimulia hadithi ya ng'ombe. Ilikuwa hadithi fupi, ya Kinyiha kabisa nilivyodhani, ya ng'ombe wa kando ya mto Mlowo. Nilipokuwa mkubwa niliidharau. Katika banda langu sikuwahi kuitoa hata siku moja. Ng'ombe wa Mlowo angewaambia nini watu waliozoea majitu?

Basi Pasaka ya mwaka tisini na tano nikaenda Vwawa kusalimia. Mama alikuwa ameshaanza kusumbuliwa na mtoto wa jicho. Alikuwa anaona kivuli cha mtu na hamjui ni nani. Alipokwenda kanisani, nikalifunga jiwe ndani ya blanketi. Mahali pake nikaweka jiwe la mtoni, la ukubwa uleule, juu ya kipande cha jiwe la kusagia lililochakaa. Nikajiambia naazima. Nikajiambia mama haoni, kwa hiyo hapungukiwi kitu. Nimeyakumbuka maneno hayo kwa sababu nayaona aibu mpaka leo, na ninayataja kwa sababu siku ile niliyaona ya busara.

Pale Tunduma jiwe likanitajirisha kwa heshima. Nililiweka mbele ya televisheni, juu ya meza yenye kitambaa chekundu. Nikatangaza kwamba anayeweka mkono juu yake akasema uongo, sauti inampotea. Madereva wawili waliogombana nani amemkwaruza mwenzake kwenye foleni walikuja kuapa, na mmoja akaona bora akiri. Mama mmoja wa Kizambia, muuza vitenge, alilisogelea kidogo, akarudi nyuma mbio. "Awe, hapana! Mimi nina mume nyumbani," alisema, na banda zima likacheka.

Twaibu hakuligusa. "Mimi kuapa kwa jiwe dini yangu hainiruhusu," alisema. "Lakini nikuulize, Osward. Ulipewa, au ulichukua?"

"Nilipewa," nikasema.

"Mbona wewe mwenyewe hatujakuona ukiapa?"

"Daktari hajitibu," nikajibu. Watu wakacheka, nikapona siku ile.

Nyumbani, chumba kilichopakana na banda, jiwe lilikuwa na heshima tofauti. Mke wangu Ikupa, Mnyakyusa asiyependa kitu kikae bure, alikuwa amesikia kwa mama mkwe wake kwamba ni jiwe la kusagia. Aliamini. Nikitoka kwenda kutafuta mafuta ya jenereta, yeye alilichukua, akasagia karanga za mboga, akaliosha, akalirudisha kwenye kitambaa chekundu. Nililigundua hilo siku moja nilipokuwa natafsiri, nikasikia hekalu zima linanuka karanga. Nilimfokea. Akaniambia, "Mama yako alisema ni la kusagia. Wewe unasema ni mungu. Mkishapatana mtanijulisha."

Ikafika Jumatatu moja ya mwezi wa tisa. Nilikuwa nimetafsiri tangu asubuhi, filamu mbili mfululizo, na ya tatu ilikuwa ile ya hekalu. Koo lilikuwa linawaka. Jenereta lilikuwa na ugonjwa mpya wa kunguruma. Katikati ya kelele hizo akaingia bibi wa Kihindi, mfupi, mwenye sari nyeupe na sweta la kijivu, ameshikwa mkono na mwanamume wa makamo. Wakakaa benchi la nyuma.

Mtu mwingine angezima deki. Lakini banda lote liligeuka kunitazama, na nikasikia mtu ananong'ona, "Leo wamekuja wenyewe kumsikiliza." Kichwa kikanivimba. Nikamsogelea bibi yule, nikainama, nikamsalimia kwa neno langu zuri kuliko yote matano. Yule mwanamume akageuka pembeni akakohoa kwa muda mrefu. Bibi akaniitikia kwa kichwa.

Nikatafsiri. Sijawahi kutafsiri vile. Majitu yakajenga, nyoka akawasha taa, mlango wa miaka mia ukafunguka kwa mlio ambao niliutoa mwenyewe kwa mdomo. Bibi akawa anatikisika mabega. Nikadhani analia kwa kukumbuka kwao.

Ilipokwisha akainuka, akaja mpaka mezani. Akalitazama jiwe. Akapitisha kidole kwenye kitako, ukingoni, mahali palipomegeka kidogo, na kidole kikakaa pale. Kisha akasema, kwa Kiswahili cha Vwawa, chenye mvuto uleule wa Kinyiha alionao mama yangu, "Mwanangu, hili jiwe umelitoa wapi?"

Nilishtuka. Lakini banda lilikuwa limejaa, na Twaibu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Bombei, mama," nikasema. "Milimani. Nilipewa na mtawa."

"Nimesikia kule forodhani kwamba mtu akiligusa na kudanganya, sauti inapotea. Ni kweli?"

"Kweli kabisa."

"Basi weka mkono, useme tena."

Ningefanyaje? Nikaweka mkono. Lilikuwa baridi, na lilinuka karanga. Nikafungua kinywa kusema Bombei, na kilichotoka ni upepo. Nikajaribu tena. Upepo. Koo langu, lililoshindana na jenereta tangu asubuhi, lilikuwa limeamua kupumzika wakati uleule.

Mimi nilijua ni koo. Banda halikujua. Mabenchi yalianguka. Muuza vitenge alipita dirishani, na dirisha lenyewe halikuwa kubwa. Katika miaka mitatu ya kazi yangu ile ndiyo hadithi pekee niliyotunga ikatokea, na ilitokea juu yangu mwenyewe.

Tulipobaki wachache, bibi akaniambia kwa upole, "Mimi ni Mama Kirti. Huyu ndiye Kirti. Na wewe ni Osward, maana umefanana na Marita mpaka masikio. Ulinisalimia vizuri. Ulisema utakunywa damu yangu."

Laiti ardhi ya Tunduma ingekuwa na huruma, ingepasuka pale.

"Tunakwenda Vwawa kwa mama yako sasa hivi," akaendelea. "Lishike jiwe mwenyewe. Nataka kujua jambo moja tu: Marita aliliuza, au alikupa, au ulichukua. Usiniambie mimi. Utasema pale pale, mbele yake. Nisije nikamfikiria vibaya mtu niliyemwamini kuliko ndugu zangu."

Twaibu alinifungulia mlango wa gari lao. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. "Amana, Osward," alisema taratibu. "Umecheza na amana ya mama yako." Nikaingia kiti cha nyuma, jiwe mapajani, nimelifunga kwa kitambaa chekundu.

Tulipita kijiji cha Mpemba. Kisha Mama Kirti, akiwa kiti cha mbele, akaanza kuzungumza bila kugeuka.

"Lile hekalu lenu la majitu sijui. Kijijini kwa mume wangu lipo hekalu la Shiva, la kale hata hakuna anayejua umri wake. Dogo tu. Mlango ni mfupi, lazima uiname. Wazee wanasema zamani pale palikuwa pori. Kulikuwa na mchungaji wa ng'ombe na ng'ombe wake mmoja. Kila jioni ng'ombe alirudi kiwele kikavu. Mchungaji akamshuku ndama, akamfunga. Bado kiwele kikavu. Akawashuku majirani, akagombana nao."

Nikasogea mbele, jiwe mapajani, nisikie vizuri.

"Siku moja akamfuata. Akamwona ng'ombe anaingia vichakani, anasimama mahali pamoja, na maziwa yanadondoka yenyewe ardhini. Hakuna ndama, hakuna mwizi. Akampiga ng'ombe kwa hasira. Kisha akachimba pale kwa jembe, likagonga jiwe. Ndilo lililojengewa hekalu, na lipo mpaka leo. Na yule mchungaji..."

Midomo yangu ikasogea yenyewe. Sauti haikuwapo, lakini midomo ilisema: akapiga magoti, akamwomba ng'ombe msamaha.

Mama Kirti alikuwa ananitazama kwenye kioo cha gari. "Kwani unaijua?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Ng'ombe wa Mlowo! Miaka mitatu nimewalisha watu majitu na nyoka wa taa, na hadithi yenyewe ya hekalu la Shiva nilikuwa nayo tumboni tangu utotoni, kwa Kinyiha, nimeinywa pamoja na maziwa.

"Marita alikuwa anapenda nimsimulie hiyo," alisema. "Jiwe kubwa liko kule kule. Hili dogo lilikuwa limekaa ubavuni mwake. Baba mkwe wangu alipopanda meli kuja Afrika aliliomba, akaapa litarudi. Akafa. Mume wangu akaapa, naye akafa mwaka jana. Nimebaki mimi, na moyo wangu una maradhi. Mwezi ujao Kirti ananipeleka India. Nikienda mikono mitupu, nitaingiaje kwenye ule mlango?"

Hapo ndipo nilipofanya hesabu ya mwisho ya mtu mwoga. Nikapanga tukifika nitachepuka uani, niingie kwa mlango wa jikoni, nibadilishe mawe kabla hawajamaliza kusalimiana. Jiwe litakuwa mahali pake, mama hatajua, na Mama Kirti, nilijipa moyo, atanihurumia. Mpaka tunaikaribia Vwawa, mpango ulikuwa umekamilika hadi hatua ya kufuta vumbi.

Mama alikuwa nje anachambua maharage kwa vidole. Alisikia gari, akainua uso. Mama Kirti hakusubiri kusaidiwa kushuka.

"Mama Osward!"

Ungo ukamwagika. Mama akasimama, mikono mbele, anapapasa hewa. "Mama Kirti? Ni sauti ya Mama Kirti hiyo!"

Walishikana pale nje, wakalia kwa Kinyiha na kwa Kigujarati, na kwa mara ya kwanza nilielewa Kihindi bila kutafsiri. Nikaanza kunyata kuelekea jikoni. Nilikuwa nimefika kwenye kona ya nyumba mama aliposema, "Leo ni Jumatatu! Umekuja siku yenyewe. Njoo, njoo uone," akamvuta moja kwa moja ndani. Hakukumbuka hata kumpa kiti.

Nikawafuata, nimechelewa kama kawaida ya wajanja. Mama alikuwa ameshapiga magoti kwenye kona yake. Alifunua kitambaa. Lile jiwe langu la mtoni likaonekana, na kipande cha jiwe la kusagia, na kikombe cha bati, kilekile, kimewekwa mbele pale ulipokuwa mdomo. Nilisikia Kirti akivuta pumzi. Mama Kirti aligeuka. Alinitazama mimi.

Na mama akaanza kuzungumza, akilitazama jiwe asiloliona.

"Dada yangu, nina jambo la kukuungamia. Miaka yote nimelimwagia, sijakosa hata Jumatatu moja. Nikiumwa, nimelimwagia. Siku niliyomzika baba yake Osward ilikuwa Jumatatu, nikarudi nikalimwagia. Lakini tangu Pasaka limenikataa. Namwaga, maziwa hayashuki. Nakaa na kikombe, nakaa, kikombe kitupu. Maziwa yanalala pale juu mpaka yanachacha. Nimejiuliza nimekosa nini. Nimefunga. Nimekwenda hata kwa mchungaji nikamwambia yote, na yeye akanitoa kwenye kiti changu cha mbele. Sijui nimemkosea nini mungu wako. Nisamehe. Nimekuharibia amana."

Niliwahi kupigwa na mlevi wa stendi kwa chupa. Haikuuma hivyo. Miezi mitano! Miezi mitano mimi natangaza majitu, na mama yangu amekaa gizani na kikombe kitupu, anatafuta dhambi yake.

"Ni mimi," nikasema.

Ilitoka kama mlio wa mlango usio na mafuta. Mama akageuka. "Nani huyo?"

Hakunijua sauti. Nikajaribu tena, na koo likakataa. Basi nikapiga magoti mbele yake, nikafungua kitambaa chekundu, nikalitoa jiwe, nikaliweka mikononi mwake. Vidole vyake vikalizunguka. Vikafika kwenye kitako, vikatafuta ukingo, vikapata pale palipomegeka. Hapo vikatulia. Kisha akalipeleka puani.

"Linanuka karanga," alisema.

Hakuna aliyecheka. Akanyoosha mkono wake wa kulia, akanipapasa uso, paji, pua, masikio, na alipohakikisha ni mwanawe, akanizaba kofi ambalo Kirti anasema alilisikia mpaka kwenye gari, ingawa alikuwa amesimama palepale.

"Mwizi ni wa kwangu, Mama Kirti," akasema. "Wewe uliniachia mimi. Aibu ni yangu."

Mama Kirti akakaa chini kwenye mkeka, pole pole, kwa sababu ya moyo wake. Akakiokota kikombe cha bati. "Hiki ni cha nini, Marita?"

Mama akainamisha kichwa. "Hilo nalo nikuungamie. Hukuniambia nifanye nini na maziwa yanayotoka. Nilikinga, nikampa mtoto. Kila Jumatatu, mpaka alipokuwa mkubwa, na baadaye watoto wa jirani. Kama ilikuwa makosa, nisamehe na hilo."

"Kwetu," alisema Mama Kirti, akikigeuza kikombe mkononi, "kwetu maziwa yakishapita juu yake hayamwagwi. Ni chakula chake anachowagawia watoto wake. Nilisahau kukuambia, tulikuwa tunakimbizana na gari. Nimejilaumu njia nzima mpaka Kitwe. Wewe ulijuaje?"

"Sikujua," mama alisema. "Tulikuwa na njaa."

Kisha Mama Kirti akasema, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo, "Amana yangu nimeikuta. Haikupungua."

Mama akalisukuma pembeni jiwe la mtoni, akaliweka lile jeusi mahali pake. Hakutaka kusaidiwa. Akachukua maziwa yake ya Jumatatu, akamwaga. Yakapita juu ya jiwe, yakazunguka kitako, yakatokea mdomoni, na mlio wake kwenye bati ukamfanya mama afumbe yale macho yasiyoona. Kikombe kilipojaa, akakiinua na kukisogeza upande wangu, bila kuuliza kama bado nipo.

"Kunywa," akasema. "Koo lako limeharibika."

Nilikuwa na miaka ishirini na nane, mke mmoja, na jina kubwa mpakani. Nikapokea kikombe kwa mikono miwili, mbele ya wageni, nikiwa nimepiga magoti na shavu linawaka, nikanywa yote. Yalikuwa na ladha ya karanga.